Kapasita na Betri: Tofauti Ambayo Mnunuzi Anapaswa Kuijua

Usiku usio na mbalamwezi, mtu anayesimama katika ufukwe wa Matema huona taa zikielea juu ya Ziwa Nyasa, kuanzia upande wa Ikombe chini ya milima ya Livingstone hadi mbali kuelekea Itungi. Ni taa za wavuvi wa usipa. Samaki hao wadogo huvutwa na mwanga, hukusanyika chini yake, kisha wavu hushushwa. Kwa miaka mingi mwanga huo ulitoka katika karabai iliyokuwa ikila mafuta ya taa. Siku hizi karabai imeanza kupisha taa za LED zinazopata umeme kutoka katika betri, na betri hizo huchajiwa mchana kwa sola au kwa umeme wa gridi. Mabadiliko hayo yamempunguzia mvuvi gharama ya mafuta, lakini yamemletea jukumu jipya la kununua kifaa cha kuhifadhi umeme, ambacho ni bidhaa isiyoonyesha ubora wake kwa macho.

Katika mazungumzo yetu na wavuvi wa mwambao huo, mzee mmoja alituonyesha taa ndogo aliyouziwa kwa maelezo kwamba ndani yake hamna betri bali kapasita, kwamba inajaa kwa dakika moja, na kwamba haitakufa kamwe. Alituuliza, "Wanangu, kama hiki kinajaa kwa dakika moja, kwa nini sisi bado tunahangaika na betri ya kilo kumi na zaidi mtumbwini?"

Swali hilo ni zuri, na makala haya yameandikwa ili kulijibu. Kwa kifupi, muuzaji yule huenda hakusema uongo kuhusu dakika moja. Alichokiacha bila kukisema ni kwamba kifaa cha ukubwa ule hujaa kwa dakika moja kwa sababu kinachoingia ndani yake ni kidogo.

Kapasita na betri ni vifaa viwili ambavyo vyote huhifadhi nishati ya umeme, lakini kila kimoja huihifadhi kwa njia yake. Kapasita ni mabamba mawili ya metali yaliyotenganishwa na kitu kisichopitisha umeme, kwa mfano karatasi maalumu, plastiki au hewa. Ikiunganishwa na chanzo cha umeme, chaji hasi hujikusanya juu ya bamba moja na chaji chanya juu ya jingine. Zinavutana lakini haziwezi kukutana, na katika mvutano huo ndimo nishati inamokaa. Hakuna dutu inayobadilika kuwa dutu nyingine. Mara njia inapofunguliwa, chaji zote hukimbilia upande wa pili kwa mkupuo.

Betri haihifadhi umeme wenyewe. Huhifadhi kemikali ambazo, zikipewa nafasi ya kubadilika, huzalisha umeme. Katika betri ya kawaida ya asidi, bamba moja ni la risasi na jingine ni la oksidi ya risasi, na yote mawili yamezama katika asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Betri inapotumika, mabamba yote mawili hugeuka polepole kuwa salfeti ya risasi, na asidi huelekea kuwa maji. Inapochajiwa, safari hiyo hurudi nyuma. Ndiyo sababu fundi mwenye haidromita anaweza kujua betri imejaa kiasi gani kwa kupima uzito wa maji yake, kwani asidi iliyojaa nguvu ni nzito kuliko ile iliyochoka.

Kwa mkazi wa Kyela, mfano ulio karibu ni mpunga. Betri ni ghala la mpunga. Lina chakula kingi, lakini chakula hicho kiko katika umbo jingine, na hakiliki mpaka kipite mashineni kukobolewa. Ghala likiwa kubwa namna gani, kasi ya kupata mchele hutegemea mashine, wala halijai kwa dakika moja. Kapasita ni mchele uliokwisha kukobolewa, uliomo ndani ya ungo mkononi. Unaweza kuumimina wote sufuriani kwa mara moja, na ungo ukajazwa tena papo hapo. Hata hivyo, hakuna familia inayoingia katika msimu wa kilimo ikitegemea ungo mmoja.

Ni vyema ikumbukwe kwamba mkanganyiko wa majina haukuanza leo. Kapasita ndiyo iliyotangulia kuzaliwa. Chupa ya Leyden, iliyobuniwa mwaka 1745 na 1746 na Ewald Georg von Kleist nchini Ujerumani na Pieter van Musschenbroek nchini Uholanzi, kila mmoja kwa wakati wake, ilikuwa chupa ya kioo iliyoweza kutunza chaji, yaani kapasita kamili. Katika miaka hiyo ya 1740, Mmarekani Benjamin Franklin aliunganisha chupa kadhaa za namna hiyo na kuliita kundi lake kwa neno ambalo Kiswahili kimelipokea kama "betri". Kwa hiyo betri ya kwanza kuitwa kwa jina hilo ilikuwa kundi la kapasita! Betri ya kemikali ilikuja baadaye, Alessandro Volta alipoitangaza mwaka 1800, na betri ya risasi na asidi inayoweza kuchajiwa tena ilibuniwa na Gaston Planté mwaka 1859.

Turudi kwenye mtumbwi. Tuchukue mvuvi mwenye taa za LED zenye jumla ya wati 20, anayehitaji ziwake saa 10. Mahitaji yake kwa usiku mmoja ni wati 20 mara saa 10, yaani wati-saa 200. Hesabu hii ndogo ndiyo silaha kubwa ya mnunuzi, na tunamshauri kila msomaji aifanye kabla ya kwenda dukani.

Betri ya asidi haipaswi kumalizwa yote. Ikitumiwa zaidi ya nusu mara kwa mara, umri wake hupungua haraka. Kwa hiyo ili kupata wati-saa 200, mvuvi anahitaji betri ya wati-saa 400, ambayo kwa volti 12 ni kama ampea-saa 33. Betri ya namna hiyo huwa na uzito wa kilo 12 hivi. Betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma inaweza kutumiwa hadi kiasi cha asilimia 80 bila kuumia, hivyo wati-saa 250 zinatosha, na uzito wake ni kilo mbili na nusu hadi tatu.

Sasa tutazame kapasita. Zipo kapasita za kisasa zenye uwezo mkubwa sana, ambazo huitwa supakapasita. Moja ya kubwa zinazopatikana sokoni duniani ina uwezo wa faradi 3,000 kwa volti 2.7, na uzito wake ni kama nusu kilo. Nishati ya kapasita hupatikana kwa kuzidisha nusu ya faradi zake kwa volti, kisha kwa volti tena. Kwa kapasita hii jibu ni jouli 10,935, yaani takriban wati-saa 3. Betri ya simu ya mkononi ya miliampea-saa 5,000, ambayo ni nyepesi kuliko hiyo mara kadhaa, hubeba wati-saa 19.

Tena wati-saa 3 hizo hazitoki zote. Betri hushikilia volti zake karibu palepale hadi inapokaribia kuisha, lakini volti za kapasita huanza kushuka tangu dakika ya kwanza ya matumizi. Zikifika nusu, robo tatu ya nishati imekwisha kutoka, na vifaa vingi hushindwa kuifikia robo iliyobaki. Mvuvi wetu angehitaji kapasita kama 90 za ukubwa huo, zenye uzito wa kilo 45, ili kufanya kazi inayofanywa na betri ya lithiamu ya kilo tatu. Na iwapo taa ya wati 5 ina kapasita moja tu ya namna hiyo, itawaka kwa muda usiofika nusu saa. Mtu wa nchi kavu anaweza kuliona jambo hilo kuwa usumbufu tu. Kwa watu waliomo katika mtumbwi usiku, katika miezi ambayo upepo wa kusini huamsha mawimbi ya ziwa bila kubisha hodi, kuzimikiwa na taa ni hatari ya maisha.

Hatusemi kwamba supakapasita ni bidhaa mbovu. Ina mambo mawili ambayo betri haiwezi kuyafikia: hupokea na kutoa nishati kwa kasi kubwa, na huvumilia kujazwa na kumalizwa mara laki kadhaa, ilhali betri ya asidi huvumilia mara mia kadhaa tu na ya lithiamu ya fosfeti ya chuma mara elfu mbili au zaidi. Mjini Shanghai, nchini China, tangu mwaka 2006 yamekuwapo mabasi ya abiria yanayoendeshwa kwa supakapasita. Basi huchajiwa kituoni abiria wanaposhuka na kupanda, likapata nishati ya kulifikisha vituo vichache mbele, likachajiwa tena. Huko kifaa kimepewa kazi inayolingana na maumbile yake. Ziwani hakuna vituo vya kuchaji.

Tulimshauri mzee yule, na tunamshauri mnunuzi yeyote aliyeahidiwa maajabu, afanye jaribio la nchi kavu. Ijaze taa, iwashe jioni ukiwa nyumbani, andika saa uliyoiwasha na saa mwanga ulipofifia. Fanya hivyo usiku mbili au tatu kabla ya kuitia mtumbwini, na ufanye hivyo ndani ya muda ambao muuzaji amekubali kupokea bidhaa iliyorudishwa.

Kuna kosa jingine ambalo huua betri nyingi kuliko ubovu wa kiwandani, nalo linatokana na kalenda ya uvuvi wenyewe. Mbalamwezi inapokuwa kubwa, usipa hawakusanyiki vizuri chini ya taa, na wavuvi wengi hupumzika kwa siku kadhaa. Betri hurudishwa nyumbani ikiwa imetumika, huwekwa kona, na kusahauliwa mpaka giza lirudi. Kwa betri ya asidi hiyo ni adhabu. Ile salfeti ya risasi iliyojitengeneza juu ya mabamba, isipoondolewa mapema kwa kuchaji, hukomaa na kuwa gamba gumu ambalo chaji ya kawaida haiwezi kuliyeyusha. Mwenye betri atakapoichaji, itaonekana imejaa upesi ajabu na kuisha upesi vilevile. Wengi huulaumu umeme au fundi. Betri ya asidi ichajiwe hadi ijae siku ileile ya kurudi kutoka ziwani, na iongezewe chaji kabla ya kurudi kazini. Ile ya kuongezwa maji iongezwe maji yaliyotoneshwa, wala si maji ya bomba au ya ziwa.

Joto nalo lina sehemu yake. Kyela iko chini, karibu na mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, na joto lake si la Tukuyu. Kanuni inayotumiwa na mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazozidi 25 hukata umri wa betri ya asidi kwa nusu hivi. Iwekwe kivulini, penye hewa. Anayetumia sola nyumbani akumbuke pia kwamba katika masika ya Kyela mawingu yanaweza kulifunika jua kwa siku nzima, hata mbili mfululizo. Betri iliyokadiriwa kwa mahitaji ya usiku mmoja tu itamalizwa kila mara, na kitakachofuata tumekwisha kukieleza.

Wapo wanaonunua betri ya gari kwa sababu ni rahisi kupatikana. Betri ya gari imetengenezwa kwa mabamba membamba na mengi ili itoe ampea nyingi sana kwa sekunde chache, injini iwake, kisha ijazwe tena mara moja na jenereta ya gari. Kwa tabia, kazi yake inafanana zaidi na ya kapasita kuliko ya betri ya taa. Ukiilazimisha kuwasha taa usiku kucha, mabamba yake huchakaa katika muda mfupi. Kwa taa na sola iulizwe betri yenye mabamba manene, ambayo mafundi huita "dipu saiko" na ambayo mara nyingi huandikwa kwamba ni ya sola.

Kuhusu maandishi ya kwenye betri, tutaje machache tu. Namba ya ampea-saa haina maana kamili bila muda wake. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 iliyoandikwa C20 itatoa ampea 5 kwa saa 20. Iliyoandikwa C100 imepimwa kwa kutolewa umeme taratibu kwa saa 100, na kwa matumizi ya usiku mmoja itatoa pungufu ya hizo 100. Kwa hiyo betri mbili zenye "100" zinaweza kuwa na uwezo usiolingana, na muuzaji mwaminifu atakueleza hivyo. Kigezo kingine ni mizani, ambacho mzee aliyeuza mpunga maisha yake yote hahitaji kufundishwa. Risasi ni nzito, na betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 huwa na uzito wa kilo 25 hadi 30 au zaidi kidogo. Ikiwa nyepesi sana kuliko hapo, risasi haimo ndani. Kwa seli ndogo za lithiamu za tochi, zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, namba zinazoandikwa huwa za kushangaza. Seli nzuri za ukubwa huo zina miliampea-saa 2,000 hadi 3,500 hivi. Seli iliyoandikwa 9,900 haijavunja rekodi ya sayansi, imeandikwa uongo.

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba kapasita ni ya wageni wa mbali. Kwa kweli imo katika nyumba nyingi zenye umeme. Feni, friji, pampu ya maji na mashine ndogo ya kukoboa mpunga inayotumia umeme wa njia moja, vyote kwa kawaida vina mota inayohitaji kapasita. Umeme wa njia moja peke yake hausukumi mota upande wowote, bali huitikisa mbele na nyuma. Kapasita hupeleka katika sehemu ya pili ya waya za mota umeme uliopishana kidogo na ule wa kwanza kwa wakati, na mpishano huo ndio unaoizungusha. Hapa kapasita haihifadhi nishati ya kutumia baadaye, bali hupokea na kurudisha mara 100 kwa kila sekunde.

Kapasita hiyo ikichoka, mota hunguruma bila kuzunguka. Feni ikisukumwa kwa kijiti huanza kwenda, kisha hukataa tena kesho yake. Mteja asiyejua huambiwa mota imeungua, na hulipa gharama ya kusuka upya waya za mota au kununua mota mpya, wakati ambapo kilichohitajika ni kapasita ya bei ndogo sana ikilinganishwa na mota. Tunashauri mteja amwombe fundi aipime kapasita kwanza, mbele yake, na kumwonyesha kipimo. Kapasita mpya iwe na mikrofaradi zilezile zilizoandikwa juu ya ile ya zamani, na volti zisizopungua zile za zamani. Zaidi ya hayo, mota inayonguruma izimwe mara moja, kwa maana ikiachwa hivyo waya zake zitaungua kweli, na maneno ya yule fundi wa kwanza yatatimia.

Kapasita hiyohiyo ya feni na pampu ndiyo iliyomo ndani ya kisanduku kinachouzwa kwa jina la kifaa cha kupunguza matumizi ya umeme. Kisanduku huchomekwa ukutani, taa yake ndogo ya kijani huwaka, na mteja huambiwa kwamba kinahifadhi umeme unaopotea na kuurudisha nyumbani, ili uniti za LUKU zidumu. Tukifanya hesabu, kapasita ya mikrofaradi 40 iliyochajiwa na umeme wetu wa volti 230 hubeba jouli 2 hivi kwa kilele chake. Uniti moja ya LUKU ni jouli 3,600,000. Jouli 2 haziwezi kuiwasha taa ya wati 5 hata kwa nusu sekunde.

Hoja ya wauzaji hao imekopwa mahali penye ukweli. Katika viwanda, mota kubwa huvuta kutoka kwenye gridi mkondo wa ziada usiofanya kazi, unaokwenda na kurudi. Wateja wakubwa wa TANESCO hutozwa pia kwa mahitaji yao ya juu yanayopimwa kwa kilovolti-ampea, na kwao makundi ya kapasita yaliyokadiriwa na mhandisi hupunguza bili. Mita ya LUKU ya nyumbani haihesabu mkondo huo. Inahesabu nishati iliyotumika kweli, nayo kapasita haiipunguzi. Taa ya kijani ya kisanduku hicho, kwa upande wake, inatumia umeme.

Tahadhari za usalama za vifaa hivi viwili hazifanani. Kapasita hubaki na chaji hata baada ya kifaa kuchomolewa ukutani, wakati mwingine kwa dakika chache na wakati mwingine kwa muda mrefu zaidi. Kapasita ya oveni ya maikrowevu hufikia volti 2,000 na zaidi, na inaweza kuua mtu ambaye ameamini kwamba kwa kuwa waya haumo ukutani, hakuna umeme. Usifungue maikrowevu, inveta wala kibandiko cha mota mwenyewe, na usimruhusu kijana wa nyumbani kujaribu. Fundi anayeimaliza chaji kwa kugusanisha ncha zake na bisibisi anahatarisha macho na mikono yake; kazi hiyo hufanywa kwa kutumia rezista.

Betri ya volti 12 haimrushi mtu, na pengine ndiyo sababu hudharauliwa. Lakini spana ikiangukia ncha zake mbili kwa pamoja hupata moto mwekundu kwa muda mfupi, na mvuvi anayebeba betri na vyuma katika mtumbwi mmoja anapaswa kuzifunika ncha hizo kwa mpira. Betri ya asidi inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka, kwa hiyo isichajiwe katika chumba cha kulala wala karibu na jiko la mkaa. Betri ya lithiamu iliyovimba isichajiwe tena hata mara moja.

Mwisho, kuhusu malalamiko. Mnunuzi adai risiti ya kielektroniki inayotaja aina ya bidhaa na uwezo wake, kwa mfano "betri ya sola, volti 12, ampea-saa 50", badala ya neno "betri" peke yake, kwa kuwa madai ya kupunjwa huanzia hapo. Atazame alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Kazi ya kuunganisha umeme wa nyumba apewe fundi mwenye leseni ya EWURA, na mteja ana haki ya kuomba kuiona leseni hiyo. Bidhaa ikishindwa kufanya kilichoandikwa juu yake, irudishwe kwanza kwa muuzaji ikiwa na risiti na kumbukumbu ya jaribio tulilolieleza, yaani saa ya kuwashwa na saa ya kufifia kwa siku zisizopungua mbili. Muuzaji akikataa, au bidhaa ikidhaniwa kuwa bandia, taarifa ipelekwe kwa Tume ya Ushindani (FCC), ambayo ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia nchini, na suala likihusu ubora wa bidhaa, kwa TBS. Picha ya maandishi yaliyomo kwenye kifaa iambatanishwe, na kifaa chenyewe kisifunguliwe kabla ya kukaguliwa.